Jina Tupu

"Rudia," binti alisema huku kinywa kimejaa povu la dawa ya meno. "Mimi ndiye yule mzee fundi wa saa. Nimekaa hapa, nina njaa. Niite."

Mama yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akifunga kamba za viatu vya kazi. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Ba..."

"Siyo Ba! Mama, hilo Ba lako ndilo litakalotupandisha ndege. Taja jina lake tu, kama watu wote."

"Yule ana wajukuu wanaokuzidi umri."

"Na hao wajukuu wanamwita jina lake," binti akajibu, akakimbilia bafuni kutema kabla foleni haijaongezeka.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili, ghorofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani na haikuzikwa. Aliyeipanga ni kaka wa huyo mama, ambaye alimtangulia kuhamia nchi hii kwa miaka mingi. Watoto wa kaka walimwita Shangazi, mke wa kaka naye akafuata, na majirani wa ngazini, wasiojua lile neno lina maana gani, wakadhani ndilo jina lake. Basi na sisi tumwite Shangazi. Mwenyewe asingependa tumwite vingine.

Shangazi alifanya kazi kwenye makao ya wazee, ghorofa ya pili: kuogesha, kulisha, kugeuza, kufuta, kusikiliza. Mkataba wake wa muda ulikuwa unaisha siku hiyo. Mchana, mkaguzi wa idara angeketi katika ukumbi wa chakula amtazame akigawa mlo. Akipita, anapata ajira ya kudumu. Asipopita, ofisi ya wageni haiongezi kibali, na binti aliyebakiza mwaka mmoja kumaliza shule atarudishwa kwenye nchi aliyoiacha akiwa mdogo, ambayo lugha yake anaiongea kwa kuokoteza. Mengine yote, bei ya mkate iliyopanda tena na dari linalovuja juu ya kitanda, yangeweza kusubiri.

Na kikwazo kilikuwa nini? Mtacheka. Kikwazo ni kwamba Shangazi hakuweza kumwita mtu aliyemzidi umri kwa jina lake tupu.

Si kwamba hakuyajua majina. Aliyajua yote, ya ghorofa nzima. Mdomo ndio uliogoma. Kule alikokulia, mtu mzima huitwa kwa alivyo kwako: baba, bibi, mjomba, dada, mama wa fulani. Jina lake lipo na linajulikana, lakini halirushwi hewani kama jiwe la kumfukuzia mbuzi. Akiwa mtoto alijaribu mara moja, kwa jirani mmoja mzee. Hakupigwa. Jirani aliguna tu, akaendelea na safari yake kama mtu asiyesikia kitu, na siku nzima mtaa ukamtazama Shangazi kama amevuliwa nguo. Aibu ile haikumtoka.

Na tusimwonee Meneja wa makao yale, sababu alikuwa nayo. Miezi michache nyuma, Shangazi alisimama mlangoni mwa ukumbi na sahani mkononi akasema, "Bibi, chakula chako hiki." Wanawake wa meza nzima wakainua vichwa. Aliyekuwa karibu, mwenye kisukari, akaipokea sahani yenye kipande cha keki kilichokuwa cha mwenzake, akakila huku anatabasamu kama bibi harusi. Mchana kutwa alikunywa maji na kwenda msalani. Alipona, lakini Shangazi alipata onyo, na ukutani kukabandikwa tangazo kwa herufi kubwa: WAKAZI WAITWE KWA MAJINA YAO PEKEE. BABU, BIBI, MAMA, BABA, KAKA NA DADA NI MARUFUKU.

"Jina ndiyo heshima ya mtu," Meneja alimweleza siku ile, wala hakusema kwa ukali. "Hawa si bibi zako. Ukimwita mtu bibi unamzeesha. Ukimwita mama unamlazimisha undugu asiouomba. Uko hapa sasa. Fanana na hapa."

Tangu hapo, mbele ya Meneja, Shangazi hakumwita mtu yeyote kitu chochote. Alivuka ukumbi mzima hadi mbele ya mzee, akamgusa bega, akainama, akasema, "Chakula." Supu zikapoa, na kwenye tathmini yake kukaandikwa kwamba hana kasi. Meneja mwenyewe, mtu wa makamo mwenye mvi kumzidi, alimwagiza tangu siku ya kwanza amwite jina lake. Hakuwahi. Akimhitaji, alisimama mlangoni mwa ofisi akakohoa. Alikohoa hivyo karibu mwaka mzima, mpaka Meneja akamshauri kwa upole akamwone daktari wa kifua.

Kaka aliingia wakati Shangazi anachukua koti. Alikuwa ametoka zamu ya ulinzi dukani, kofia kwapani, macho mekundu.

"Leo ndiyo leo," akasema. "Sasa nisikilize. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho."

"Walisema fumba, kaka. Hawakusema litoboe."

Binti akacheka kule bafuni. Kaka hakucheka. Akaketi kwenye kiti cha plastiki na kuanza kuvua buti.

"Mimi kule dukani, vijana wa umri wa mwanangu wananiita jina langu, tena wamelikata mkia. Nimekufa?"

"Hujafa. Umenyamaza tu. Zamani ulikuwa unaimba ukioga."

Kaka akabaki na buti moja mkononi. Maneno yalimwingia, na Shangazi akajuta kidogo kuyasema, kwa sababu kaka huyu ndiye aliyemlipia nauli ya kuja na kumgawia nusu ya sakafu yake.

"Najua utaniambia mwacha mila ni mtumwa," kaka akasema taratibu. "Sawa. Lakini methali hailipi pango. Ni siku moja tu, mdogo wangu. Ita majina. Ukishapata ajira, waite hata malaika."

"Nimekusikia, kaka."

"Usinisikie. Fanya."

Shangazi akashuka ngazi huku anayatamka majina yale chini ya pumzi, moja baada ya jingine. Ngazini, bila mtu wa kusikia, yalimtoka vizuri kabisa.

Ghorofa ya pili ya makao ilikuwa baridi. Tangu umeme upande bei, bomba la maji ya moto lilikuwa linafunguliwa asubuhi sana kwa muda mfupi, kabla wazee wengi hawajaamka, kisha linafungwa. Kwenye tangazo la kubana matumizi iliandikwa kwamba wakazi wamezoea. Shangazi hakujibishana na tangazo. Alikwenda jikoni, ambako Mpishi, mama mmoja mwenyeji mwenye mikono mikubwa, alikuwa ameshamwekea birika la maji ya moto bila kuulizwa.

"Beba haraka," Mpishi akasema. "Leo kuna wakubwa. Na wewe, usituletee aibu, ita watu majina yao."

"Hata wewe nikuite jina lako?"

"Mimi naitwa Mpishi na watu wote humu, sina neno. Lakini hujasikia kwangu."

Alianza na mzee fundi wa saa. Mikono ya mzee yule ilistaafu bila yeye kutaka. Vidole bado vilikuwa vinakaza skrubu zisizoonekana juu ya blanketi. Shangazi alichovya taulo kwenye beseni, akakamua, akamfuta mgongo.

"Umeamkaje, Babu Saa?" akanong'ona.

"Nimeamka, hiyo ndiyo habari," mzee akajibu, naye kwa kunong'ona. "Mkubwa yupo?"

"Yuko chini, anapanga viti."

Hiyo ndiyo siri ya ghorofa ya pili, kama ni siri kitu kinachojulikana na watu wote isipokuwa bosi. Baada ya kosa la keki, Shangazi alikaa akajiuliza: mbona kwao, kwenye ua uliojaa mabibi, hakuna aliyewahi kula chakula cha mwenzake? Ni kwa sababu kila bibi alikuwa na mkia wake: Bibi wa Kisimani, Bibi wa Mlangoni, Bibi Mcheka. Kosa lake halikuwa kumwita mtu bibi. Kosa lake lilikuwa kuita bibi halafu akaishia hapo, kama mvivu. Basi akapita kitanda kwa kitanda akiwauliza wazee wenyewe, na majibu yakawa mengi kuliko alivyotarajia. Mwenye kisukari, ambaye hakuzima redio yake hata usingizini, akawa Bibi Redio. Mzee aliyeendesha treni akataka Mjomba. Bwana mmoja wa kona hakutaka undugu na mtu. Alitaka Mwalimu, akapewa Mwalimu. Tangu hapo hakuna sahani iliyopotea njia.

Lakini aliyemfundisha kuuliza ni mwanamke wa dirishani. Huyo, Shangazi alikuwa amemwita Mama, wiki ya kwanza kabisa, kwa nia njema na tabasamu. Mwanamke akageuza uso.

"Mimi si mama wa mtu," akasema. "Niliyemzaa nilimzika. Usiniite hivyo tena."

Shangazi aliingia chumba cha mashuka akalia. Hapo ndipo alipoona jambo ambalo Meneja angekuja kulisema, wala hakulikosea: heshima unayompa mtu bila kumuuliza inaweza kumchoma. Alirudi, akapiga magoti ili macho yao yawe sawa, akauliza: "Nikuite nani, basi?"

Mwanamke akamgeukia tena.

"Nilikuwa mkubwa kwetu," akasema. "Nyuma yangu walikuwa wadogo saba. Wote wameondoka. Duniani hakuna aliyebaki wa kuniita Dada."

Tangu siku ile, mwanamke yule aliyekaribia miaka tisini aliitwa Dada na mhudumu ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Asubuhi hii Dada alimshika Shangazi mkono akiwa anachanwa nywele.

"Wameniambia kuhusu leo," akasema. "Niite vyovyote wanavyotaka. Una mtoto. Mimi sitakasirika."

"Asante, Dada."

"Nitaumia, lakini sitakasirika."

Mchana ukafika. Ukumbi wa chakula ulikuwa umefutwa mpaka ukanuka dawa, na viti vimepangwa kama vya mtihani. Meneja alisimama karibu na tangazo lake, tai imenyooka. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo ndani ya koti refu, anaumwa mafua. Kila alipopiga chafya, ukumbi mzima wa wazee ulisema, "Pole!" Kila waliposema pole, alishtuka, kama mtu asiyezoea kupewa.

"Utaratibu ni huu," Meneja akatangaza. "Mhudumu anaita jina, mkazi anaitika, mhudumu anakagua utepe wa jina mkononi, anaweka sahani. Anza."

Shangazi akashika toroli. Alimwona binti yake kwa macho ya moyoni, sare ya shule, begi mgongoni, kwenye uwanja wa ndege. Akapiga moyo konde, akafungua mdomo, akalitaja jina la mzee fundi wa saa. Tupu. Lote.

Lilitoka jembamba na kavu. Mzee akaweka kijiko chini.

"Nimekosa nini?" akauliza.

"Hujakosa kitu."

"Mara ya mwisho kuitwa kwa sauti kavu hivyo ilikuwa mahakamani. Na kesi nilishindwa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata Mkaguzi akaficha mdomo kwenye leso. Shangazi peke yake hakucheka, kwa sababu alijisikia mchafu, kama aliyemtemea mzee wake mate mbele za watu. Akaweka sahani. Mchuzi ukamwagika kidogo kwenye kitambaa.

Akasukuma toroli hadi meza ya dirishani. Jina la Dada lilikuwa fupi, rahisi, hata mtoto angelitamka. Akaanza. Dada akageuza uso kutoka dirishani akamtazama, wala si kwa hasira. Alimtazama kama mgeni aliyekuja kukutembelea ukamsemesha kupitia dirishani bila kumfungulia mlango. Jina likakwama palepale lilipoanzia.

"Tunasubiri," Meneja akasema.

Shangazi akarudisha sahani kwenye toroli.

"Siwezi," akasema.

"Kazi huwezi?"

"Kazi naiweza. Hili ndilo siwezi. Nimejaribu, mmeona wenyewe. Niacheni nigawe kama ninavyogawa siku zote usipokuwepo, kisha mniandikie mnachotaka."

"Nisipokuwepo?" Meneja akageuka rangi. "Ina maana siku zote..."

"Acha agawe," Mkaguzi akasema, akapenga kamasi. "Nimekuja kuona anavyogawa."

Shangazi alifuta viganja kwenye aproni. Hofu ilikuwa palepale, ila sasa alikuwa na kazi ya kufanya, na kazi aliijua. Sauti yake, iliyokuwa ikinong'ona kwa miezi yote ile, ikajaa ukumbi.

"Babu Saa, samahani yangu uipokee! Chakula chako hakina chumvi, usiombe ya jirani!"

"Naam! Samahani nimepokea, chumvi nitaiba!" mzee akajibu, akainua mkono ili utepe usomwe, na Shangazi akausoma.

"Bibi Redio, bila sukari. Na usinikonyeze, keki sikupi."

"Mchoyo mkubwa wewe!"

"Mjomba, samaki wako nimemtoa miiba. Mwalimu, supu hii hapa, na kitabu weka pembeni, jana ulikichovya."

Kila aliyeitwa aliitika. Mikono yenye tepe ilikuwa inapanda kabla hajafika. Toroli ikazunguka ukumbi bila kusimama bure, magurudumu yanapiga kelele, na supu zikafika mezani zikiwa bado zinatoa mvuke. Watu waliokuwa wakila vichwa chini wakaanza kuongea meza kwa meza. Mwisho akasimama dirishani.

"Dada, yako nimeiacha ipoe kidogo, kama unavyoipenda."

"Asante, mdogo wangu," Dada akasema kwa nguvu, ili asikike.

Meneja akamgeukia Mkaguzi. "Umejionea. Kanuni iko ukutani, yeye yuko chini yake, anaivunja."

Mkaguzi akainuka. Alikwenda hadi kwa Dada, akainama, akasoma utepe wake, akamwita kwa jina kama kanuni inavyotaka, kisha akauliza:

"Huyu mhudumu aliwahi kukuuliza unataka kuitwaje?"

"Aliuliza. Nyinyi mnasoma mkononi."

Mkaguzi akauachia utepe taratibu. "Unajua kanuni inakataza anavyokuita?"

"Kanuni ya nani? Anayeitwa ni mimi."

Bibi Redio akanyoosha mkono akazima redio yake pale mezani, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu aletwe pale.

"Tusiwe na huruma za kijinga," Meneja akasema. Sauti ilikuwa imempanda. "Mimi namheshimu huyu mama. Lakini mgeni akija, anafuata ya hapa. Kila mmoja akija na ya kwao, tutafika wapi? Leo majina, kesho nini?"

"Kesho maji ya moto," Babu Saa akasema.

Watu wakacheka, lakini mzee alikuwa ameshasimama, ameegemea meza.

"Huyu mgeni unayetaka afanane na sisi, asubuhi anabeba birika kutoka jikoni atufute migongo. Kwa nini? Kwa sababu sisi wenyeji tumefunga bomba. Sasa afanane na nani? Na aliyefunga?"

"Bomba limefungwa?" Mkaguzi akauliza.

Meneja akaanza kueleza habari za bei ya umeme. Hakufika mbali. Mjomba akasema sabuni hukatwa vipande vinne. Mwalimu akasema blanketi la pili walinyang'anywa, akataja na siku. Bibi Redio, ambaye kumbe alikuwa anasikiliza zaidi ya redio, akaeleza kwamba mhudumu wa usiku ni mmoja kwa ghorofa mbili. Watu ambao kwa miaka walikuwa wanaulizwa tu kama wamemaliza kula walikuwa wameulizwa swali la kweli, na sasa hakuna wa kuwanyamazisha. Mkaguzi aliandika mpaka akageuza ukurasa. Chafya ikamjia, akapiga.

"Pole!" ukumbi mzima ukasema, na safari hii akajibu, "Asanteni."

Kisha akamtazama Meneja.

"Hii kanuni uliweka watu wasichanganyiwe sahani. Leo kuna aliyechanganyiwa?"

"Hapana, lakini..."

"Basi ajira ya mhudumu haina tatizo, utaisaini leo. Haya ya maji na blanketi ndiyo yenye tatizo. Tuanze nayo ofisini kwako."

Wakatoka, Meneja mbele, tai imepinda. Mlango ulipofungwa nyuma yao, Babu Saa alipiga meza kwa kijiko. Mjomba akafuata. Punde ukumbi mzima ulikuwa unapiga vijiko, vikombe, magongo ya kutembelea, na Mpishi akatoka jikoni na sufuria tupu akaipiga kwa mwiko, anacheka mpaka machozi. Shangazi alisimama katikati ameshika toroli asianguke. Alikuwa analia waziwazi, wala hakujificha kwenye chumba cha mashuka.

"Nyinyi, mtavunja vyombo!" akapaza sauti, na wakazidi.

Alimpigia simu binti wakati wa mapumziko, kule ngazini.

"Umeita majina?" binti akauliza, hana hata salamu.

"Nimeita."

"Yote?"

"Moja. Na nimeomba radhi."

Shangazi akasikia kelele za uwanja wa shule nyuma ya binti.

"Tunarudi, basi," binti akasema kwa sauti ndogo.

"Haturudi popote. Wamenipa."

Kelele iliyotoka kwenye simu ile ilimfanya aiweke mbali na sikio. Binti alikuwa anawapigia yowe rafiki zake kwa lugha ya hapa, na katikati ya lugha ya hapa akachomeka vigelegele vya kwao, vibaya, bila mafunzo, lakini vigelegele. Shangazi aliegemea ukuta akavisikiliza hadi mwisho.

Alipopita jikoni kurudisha toroli, alimkuta mhudumu mmoja kijana, mwenyeji, aliyezoea kumcheka anavyokohoa mlangoni mwa Meneja. Mpishi alikuwa anamkabidhi kikombe.

"Chai ya Dada inapoa, nani anapeleka?"

"Lete mimi," kijana akasema. "Na Babu Saa je, kashapata?"

Waliongea hivyo bila kumtazama Shangazi, wala hawakuona kwamba wamesema jambo geni.

Jioni aliitwa ofisini. Alisimama mlangoni, na kikohozi kilikuwa kimefika kooni Meneja aliposema, "Ingia, ingia." Karatasi za ajira zilikuwa mezani. Mshahara ni uleule na zamu ni zilezile. Ushindi haukuja na posho. Tangazo nalo lilikuwa bado ukutani kule chini, kwa sababu kulibandua kunahitaji kikao. Meneja alisaini kwa kukandamiza kalamu. Alionekana amechoka, na kwa mara ya kwanza Shangazi akamwonea huruma kidogo, kwa kuwa waliofunga bomba walikuwa juu yake, nao hawakuja kusimama ukumbini.

"Nilikuwa nakutakia mema," Meneja akasema. "Nilitaka ufanane na sisi, usipate shida."

"Nimefanana. Lugha yenu naiongea, kodi yenu nalipa, wazee wenu nawaogesha. Nimeacha mengi mlangoni, hata siyahesabu tena. Hili moja nimeingia nalo ndani."

Meneja akamsogezea nakala yake. Akazungusha kalamu mezani, akasita, kisha akauliza kama mtu anayetania, ingawa masikio yalikuwa yamemwiva.

"Nimesikia kila mtu leo ana lake. Babu, Mjomba, Dada. Mimi mwaka mzima unanikoholea tu. Mimi ni nani kwako?"

Shangazi alikunja karatasi, akaitia mfukoni na kufunga kifungo. Akamtazama vizuri, mvi zake, tai yake, joto la ofisi yake.

"Nilikuwa sijui, ndiyo maana nikawa nakohoa," akasema. "Kwetu mtu haitwi jina tupu mpaka tumeshindwa kabisa kujua ni nani wetu."

Kisha akalitaja jina la Meneja, tupu, lote, kama alivyoagizwa tangu siku ya kwanza, wala ulimi haukukwama.

"Usiku mwema," akamwambia, akachukua koti lake na kutoka.